Mlango wa Nyota Njema

Kimilili
12 Februari 1973

Kwa Mzee Gordon Ochieng,

Hujambo, Mzee? Sisi huku hatujambo, ila hatucheki.

Mimi ni Jentrix Nabalayo, dada ya Khaemba, yule kijana anayetaka kumwoa Selpha, mtoto wa dada yako Mama Perez. Labda utanikumbuka kama mwalimu mfupi aliyemwaga mchuzi wa kuku mezani, siku tulipokuja Kisian kujitambulisha. Sikumwaga kwa uzembe. Mama Perez alikuwa ametoka kusema neno, na wewe wakati huo ulikuwa nje na kiko chako, kwa hiyo acha nikueleze.

Mama yetu Nasambu alisema hawezi kwenda kumtafutia mwanawe mke bila mume wake kuwepo. Baba yetu, Wasike, alifariki mwaka wa sitini na nne, na ametuachia picha moja tu. Amesimama Kisumu, enzi za ujana wake alipokuwa akibeba mizigo gatini. Fremu ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, Mama akaipeleka picha kwa fundi atie mpya. Ile ya zamani ilikuwa ndogo, imebana picha kwa juu. Hii mpya ni kubwa. Fundi aliifunga kwa gazeti, nasi tukapanda basi bila hata kuichungulia. Mama Perez ndiye aliyeifungua mbele ya watu wote, na juu ya kichwa cha Baba akasoma kwa sauti: NYOTA NJEMA BAR. Na mkononi mwa Baba, chupa. Chupa tulikuwa tukiijua, siku zote tulidhani ni soda.

Mzee, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Hata kwenye harusi za ndugu zake alikunywa maji. Mama Perez alisema, "Mtu alilewa akaacha, huyo mimi nasamehe. Lakini mtu alijifanya mtakatifu na watoto wake wanaleta baa kwa nyumba yangu, hapana." Ametupa mpaka Pasaka. Tusipokuwa na maelezo, Khaemba atafute mchumba kwingine.

Selpha anasema unazijua baa zote za Kisumu ya zamani. Tafadhali, tutafutie hii. Ilikuwa mtaa gani? Je, haikuwa na upande wa chakula, mtu akaingia kula ugali akatoka salama? Khaemba atakuletea picha. Itunze sana, hatuna nyingine.

Wako,
Jentrix Nabalayo

*

Kaloleni, Kisumu
20 Februari 1973

Mwalimu Jentrix,

Mchuzi naukumbuka. Suruali yangu pia inaukumbuka.

Picha imefika, na Khaemba ameketi hapa akanywa chai na kuitazama kama mtu anayemwacha mtoto hospitalini. Nimemwambia aende kazini kwa amani. Umekuja kwa mtu mwenyewe. Nilikata tiketi za meli miaka mingi, na kila abiria aliyeshuka na kiu aliniuliza mimi aelekee wapi. Hakuna baa ya Kisumu iliyofunguliwa kabla ya Uhuru ambayo sikuizindua au sikuifunga.

Nyota Njema! Yawa, umenirudisha mbali. Ilikuwa kwenye barabara ya kuteremka gatini, mkono wa kulia. Mwenyewe alikuwa Mgoa mnene aliyepiga kodiani siku za Jumamosi. Upande wa chakula ulikuwepo, nakumbuka samaki wake. Nitathibitisha na wenzangu hapa kisha nimkabili dada yangu. Perez ni mgumu, lakini ushahidi anauheshimu.

Selpha nimemlea tangu baba yake atutoke. Sitaki aolewe na mwingine, na zaidi sitaki asiolewe kwa sababu ya chupa ambayo hatujui hata ilikuwa na nini. Kwa hiyo usilie. Wazee wa Kisumu wameshika kazi.

Mjomba wako (nimeshajiita hivyo),
Gordon Ochieng

*

Kimilili
1 Machi 1973

Mjomba Gordon,

Barua yako nimemsomea Mama mara mbili. Kwenye samaki aliniambia nirudie. Tangu tutoke Kisian hajaingia kanisani. Anasema wanawake wenzake wakimtazama anahisi wamesoma lile bango. Nilipomwambia baa ilikuwa na samaki, aliinuka akaoga na kubadili nguo. Asante, Mjomba. Mungu akuweke.

Nina swali moja tu, na usicheke. Kabla ya kumpa Khaemba picha, niliitazama hadi macho yakauma. Kivuli cha Baba kinaangukia kushoto. Kivuli cha ile gari iliyoegeshwa nyuma yake kinaangukia kulia. Hilo linawezekanaje?

Jentrix

*

Kaloleni, Kisumu
11 Machi 1973

Mwalimu,

Jua la Kisumu linafanya linavyotaka. Hilo la kivuli liache.

Habari ninazo, tena nyingi kuliko nilivyotaka. Nilipeleka picha mkahawani kwa wenzangu watatu. Opiyo ni fundi cherehani, Joram aliendesha basi la Busia, na Tom alikuwa askari huko Burma akarudi na kikohozi na hadithi. Niliweka picha katikati ya meza, tukaondoa vikombe.

Joram akasema hapo hapo, "Hiyo ni ya Kibuye. Karibu na buchari. Mimi nilikuwa napaki basi mbele yake."

"Kibuye gani?" akasema Opiyo. "Wewe Joram umezeeka. Hiyo ilikuwa karibu na stendi, na ilichomeka. Mimi nilitoka kwa dirisha na kiti yangu mkononi."

Tom akasema wote ni waongo. Baa ilibomolewa ikajengwa benki, na ndani yake alikuwapo mhudumu mwenye mwanya ambaye nusura amwoe. Nilipowatajia Mgoa wa kodiani, wote watatu wakasema ndiyo, ndiyo, Mgoa alikuwepo. Lakini kila mmoja ana Mgoa wake mahali pake. Ugomvi ulipanda mpaka mwenye mkahawa akatuomba tulipe twende.

Jambo jema ni kwamba Opiyo anamkumbuka baba yako. Alimgusa pale kwenye kioo akasema, "Huyu! Huyu Mbukusu alikuwa anapanda juu ya meza anaimba." Kwa hiyo tunakaribia. Njoo Jumamosi moja tuzunguke mji pamoja, macho ya mwalimu yatatusaidia.

Mjomba Gordon

*

Kimilili
26 Machi 1973

Mzee Gordon,

Nimerudi salama, na miguu yangu bado haijaamini ilikopitishwa.

Nakuandikia kwa heshima, lakini nimekasirika na lazima niseme. Baba yangu kuimba juu ya meza! Neno hilo uliliandika kama mtu anayeleta zawadi. Mimi nililia darasani, wanafunzi wakaniona. Nilikuwa na miaka kumi na minane alipokufa, na mtu niliyemzika hakuwa na sauti hiyo. Alikuwa akiimba zaburi chini kwa chini, kama anaogopa kumwamsha mtu. Sasa kila nikimkumbuka, naiona meza.

Na Jumamosi ile je? Tulifika njia panda, Joram akanyoosha mkono huku, Opiyo kule, na Tom akaingia dukani kununua sigara. Mama wa mahindi alicheka hadi akaunguza mahindi yake. Tuliteremka gatini tukapanda tena. Tulikwenda Kibuye, tulikwenda stendi, tulisimama mbele ya benki hadi askari akatuuliza tunataka nini. Hakuna barabara hata moja inayonyooka hadi ziwani kama ile ya kwenye picha, na meli imetulia mwisho wake. Halafu minazi, Mzee! Pande zote mbili za barabara kuna minazi. Kisumu minazi iko wapi? Ukaniambia ilikatwa. Ilikatwa na nani, na mashina yake yako wapi?

Nyumbani nilifanya jambo ambalo sikutegemea. Nilimwambia Mama, basi tukubali. Tuseme Baba alikunywa ujanani, akaokoka, akaacha. Mama Perez alishasema huyo anamsamehe. Khaemba ataoa na mambo yataisha. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso. Alisema, "Nikimpa mume wangu pombe akiwa kaburini, nani atamnyang'anya chupa?"

Kwa hiyo hatutakubali, hata harusi ikivunjika. Khaemba amesikia hayo na hajala tangu jana. Nakuuliza jambo moja, Mzee, na unijibu kama ungemjibu binti yako. Wewe mwenyewe uliwahi kuingia Nyota Njema?

Jentrix

*

Kaloleni, Kisumu
10 Aprili 1973

Binti yangu Jentrix,

Hapana.

Sijawahi kuingia. Khaemba alipoitoa picha kwenye gazeti nilitazama nikaona sipajui, na nikaona aibu. Mtu akisifiwa mji mzima kwa jambo moja, hata kama jambo lenyewe ni baa, ni vigumu kusema sijui. Yule Mgoa nilimkuta akilini tu, kodiani na yote. Kumbe na wenzangu walikuwa na aibu ile ile. Kwa ajili ya meza ile, nisamehe. Ilinichoma kusoma ulivyolia.

Sasa keti chini. Mama naye aketi.

Jana nilikwenda Kisian na picha chini ya koti. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nakwenda kumpigia dada yangu magoti tu, ili Selpha asipate hasara kwa vita vya wazee. Perez alinikaribisha vizuri, akaenda jikoni kuweka chai. Nikabaki sebuleni na watu wa ukutani. Kuna kalenda ya kanisa, kuna picha ya Selpha na cheti chake cha uuguzi, na kuna Perez mwenyewe na marehemu mume wake, siku za mwanzo za ndoa yao. Picha hiyo nimeiona tangu ningali na nywele. Ndiyo maana sikuwa nimewahi kuitazama.

Nyuma ya bega la Perez kuna gari imebonyea mlango. Nyuma ya gari kuna mnazi. Juu ya mnazi kuna ndege, ametandaza mabawa.

Nilitoa picha ya baba yako nikaiinua kando yake. Gari ile ile imebonyea pale pale. Sawa, gari huegeshwa. Lakini ndege, Jentrix! Baba yako alipigwa picha kwa siku yake na shemeji yangu kwa siku yake, na ndege yule hajasogea hata unyoya. Ndege gani huyo?

Niliiondoa ya Perez ukutani na kugeuza fremu. Nilikuwa nimeshavuta msumari wa kwanza aliporudi na sinia.

"Gordon. Weka bwana yangu chini."

"Perez, njoo uone huyu ndege."

"Ndege gani? Nimesema weka chini."

Nikavuta msumari wa pili. Ndani, kwa upande wa juu, palikuwa na kipande cha kadibodi kimekatwa vizuri kwa mkasi. Nikakitoa. NYOTA NJEMA BAR, na chini yake dada yangu, mama wa ushirika wa kanisa, amejishika kiuno, na marehemu ameshika chupa.

Perez aliweka sinia. Alitazama picha hii, akatazama ile, akapeleka kidole kwa ndege mmoja na kwa ndege mwingine. Kisha akatoka akaenda kuwamwagia kuku mahindi, na kuku walikuwa wamekwisha kula. Aliporudi, uso ulikuwa umelowa.

"Ilikuwa kitambaa," alisema. "Studio ya Nabututu, huko Kibuye nyuma ya soko. Alikuwa ananing'iniza kitambaa kwa ukuta, anakupanga mbele yake. Mimi sikuangalia imechorwa nini. Nilikuwa naangalia kamera. Na hiyo chupa, Gordon, ilikuwa na chai. Nakumbuka bwana yangu alionja akasema haina sukari."

Tulikwenda Kibuye siku hiyo hiyo, Perez mbele mimi nyuma. Nabututu yupo bado, amefunga studio anauza nguo kuukuu. Ni mtu wa kwenu, wa upande wa Bungoma, ndiyo sababu vijana wa Kibukusu walikuwa wakienda kwake. Nilimwuliza Nyota Njema ilikuwa mtaa gani. Akasema, "Ilikuwa kwa amerikani, bwana, kitambaa yadi kadhaa. Nilichora mwenyewe." Minazi aliitoa kwenye kalenda ya Mombasa. Meli aliiongeza kwa sababu hapa ni Kisumu. Na baa je? Vijana wakitoka shamba walitaka nyumbani waone kwamba wamefika mjini, akasema, na mji bila baa ungekuwa mji gani? Chupa ilikuwa moja, kila mtu aliishika hiyo hiyo, na kila asubuhi mke wake aliijaza chai ya rangi ili ionekane na kitu. Vivuli vya kwenye kitambaa alivipaka upande mmoja, na dirisha lake lilikuwa upande mwingine. Uliona kabla yetu sote, Mwalimu, nami nikakwambia uache.

Kwa hiyo Kisumu haijawahi kuwa na Nyota Njema. Baba yako alikunywa chai isiyo na sukari mbele ya shuka. Meza haikuwepo. Opiyo nimemweleza yote polepole. Alifikiri sana, kisha akaniuliza, "Basi mimi nilitoroka moto ya wapi?"

Perez amenikataza kusema zaidi. Anasema ataandika mwenyewe.

Mjomba wako,
Gordon

*

Kimilili
15 Aprili 1973

Mjomba wangu Gordon,

Nilimsomea Mama hadi mwisho. Kwenye chai isiyo na sukari alifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Wasike!" alisema. "Hata picha ilimnyima sukari!" Baba alipenda vijiko vitatu, Mjomba. Sisi watoto tulikuwa tukigombana naye juu ya bakuli la sukari. Halafu akalia kweli, nami nikalia naye, na Khaemba akaingia akatukuta hivyo akadhani ameachwa.

Nimekusamehe meza. Nimemrudishia Baba sauti yake. Leo asubuhi Mama ametangulia kanisani kuliko hata mlinzi.

Ila Mama Perez hajaandika. Pasaka ni wiki ijayo. Tunangoja.

Jentrix

*

Kisian
17 Aprili 1973

Kwa Mama Khaemba,

Bwana asifiwe. Barua hii nimeiandika mwenyewe. Jentrix akusomee polepole na asiruke neno.

Ulikuja nyumbani kwangu na mume wako mikononi, nami nikamfunua mbele ya watu nikamwaibisha. Wewe ulinyamaza. Nilidhani umenyamaza kwa kuwa huna la kusema. Sasa najua ulinyamaza kwa kuwa nilikuwa mwenye nyumba na wewe mgeni. Nisamehe, mama mwenzangu. Nimeshasimama ushirikani nikayasema haya, na sasa nayasema kwako.

Siku tulipopigwa picha ile mimi sikujua kusoma. Nilijifunza baadaye, darasa la ubatizo. Mume wangu alijua. Picha ilipotoka aliichukua yeye, akaitia fremu yeye, akaniambia amekata kadibodi ili jua lisiifute kwa juu. Nilimwamini. Kila mwaka nilipopaka nyumba chokaa niliishusha nikaipangusa, nikasema huyu bwana anajua kutunza vitu. Kumbe alijua kwamba nikisoma lile jina nitaichoma, na sisi hatukuwa na picha nyingine. Alikufa na siri yake hiyo ndogo. Nimemkasirikia siku moja nzima. Ya pili nimeshindwa.

Najiuliza kama wao wawili walionana. Nabututu anasema Jumamosi foleni ilikuwa ndefu, wanaume wamekaa kwenye benchi wakipokezana koti moja la studio. Nimeangalia. Koti la mume wako na la wangu ni moja, limepungua kifungo kimoja. Inawezekana wangu alilivua wako akalivaa.

Selpha ni wenu. Njooni Jumatatu ya Pasaka na wazee wenu. Gordon ataleta wale wenzake watatu, nimekubali, mradi wasiniambie habari za moto.

Uje na picha, na fremu usiibadilishe. Kadibodi ya mume wangu nimeitoa. Sasa sebuleni mwangu kuna baa, na wanawake wa ushirika wameanza kuuliza. Nawaambia hapo mlangoni mume wangu anamngoja mgeni. Nimeshapiga msumari wa pili kando yake, ili wako naye apate pa kusimama. Chai nitapika mimi, na ya Baba Khaemba nitaitia sukari.

Mwenzako,
Perez, mama Selpha